Makubadhi ya Bi Dhahabu

Ijumaa, tarehe 7 Machi 1947, Bi Dhahabu wa Timbwani alipika chai ya mtu mmoja, akainywa peke yake. Alikuwa mjane. Binti yake wa pekee, Mwanarehema, aliolewa Junda, ng'ambo ya kisiwa.

Kila Ijumaa Bi Dhahabu alipeleka kuni nyumbani kwa Mwana Aziza. Wazazi wa Bi Dhahabu walikuwa watumwa wa nyumba hiyo, naye alizaliwa humo. Alipofika langoni alivua makubadhi yake ya ngozi, akayashika mkononi. Zamani mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Siku hizi hakuna aliyemkumbusha. Aliyavua mwenyewe.

"Bibi," alisema, "keshokutwa mjukuu wangu anatimiza siku arobaini. Naomba ruhusa niende Junda."

Mwana Aziza aliendelea kuchagua mchele. "Keshokutwa nina wageni. Nani atakuna nazi? Ngoja."

"Haya, bibi."

Ndivyo alivyojibu pia siku ya harusi ya Mwanarehema. Alikuna nazi hadi jioni, na mwanawe akaolewa mama hayupo.

Alasiri alikwenda darasa la kisomo kwa jirani yake, mwalimu Rosalia. Wanawake waliketi mkekani. Yeye aliketi kizingitini, kama siku zote.

"Njoo ndani!" aliita Kafedha, mmoja wao. "Hapo mlangoni unatulinda na nani? Fisi hawasomi!"

Wote walicheka. Bi Dhahabu alitabasamu, lakini hakusogea.

Wenzake walipoondoka, Rosalia aliketi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo hukuandika hata herufi moja. Una nini?"

Bi Dhahabu alimweleza yote.

"Kwani Mwana Aziza ni nani wako?" Rosalia aliuliza.

"Ni bibi yangu. Mimi ni mtu wake."

"Mama, sheria ilifuta utumwa hapa pwani mwaka 1907. Ni miaka arobaini sasa."

"Nilisikia. Lakini hakuna aliyekuja kuniambia, Dhahabu, nenda."

"Wala hatakuja. Nyanya yangu alikombolewa akiwa mtoto, akakaa Kisauni na watu huru wenzake. Hata uzeeni aliomba ruhusa kwenda kisimani. Tulimweleza kila siku. Asubuhi aliomba tena."

"Na kibanda changu? Kimo shambani mwake. Akinifukuza?"

"Sitakudanganya. Sheria haikukupa ardhi. Lakini hawezi kukulazimisha kazi wala kukuzuia safari. Akikutisha, usigombane naye. Tutakwenda pamoja kwa mudiri wa serikali, nami nitakuandikia barua."

Jumapili asubuhi Bi Dhahabu alifika langoni. Aliinama, mkono ukagusa makubadhi. Kisha akainuka, akaingia nayo miguuni.

"Umechelewa," alisema Mwana Aziza. "Nazi ziko jikoni." Halafu akayaona makubadhi miguuni mwake.

"Sikuja kukuna nazi, bibi. Wala sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuaga. Nakwenda kumwona mjukuu wangu."

"Na mimi unaniacha na nani?"

"Wewe una wageni leo, bibi. Mimi kwangu hakuna mtu."

Alivuka kwa feri, akapita mjini, akavuka daraja la Nyali kwa miguu. Njia nzima hakuwa na wa kuzungumza naye. Mara mbili aligeuka nyuma, kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyemwita.

Mwanarehema alimwona kutoka mlangoni, akapiga ukelele.

"Mama! Nani amekuruhusu?"

"Hakuna," alisema Bi Dhahabu.

Alivua makubadhi, kama kila mgeni aingiaye ndani, akaketi katikati ya mkeka. Wakampa mtoto ampakate.

Kibanda hakikubomolewa. Mwana Aziza alinuna mwezi mzima, kisha akaajiri mtu wa kukuna nazi kwa ujira. Bi Dhahabu bado anakunywa chai peke yake asubuhi nyingi, lakini kila mwezi huenda Junda. Na darasani sasa huketi mkekani, kando ya Kafedha.

Msomaji, pengine unamjua mtu ambaye bado anaketi kizingitini. Usimpe karatasi hii tu. Keti naye hapo alipo, umsomee, na ukimaliza, mwombe naye amsomee mwingine.