Utani Pembeni

Jumamosi ile barabara ya maduka pale Mtendeni, mjini Tabora, ilijaa wanachuo. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinafunguliwa, na kila msichana alitaka sare yake ipunguzwe kiuno au iongezwe urefu kabla ya Jumatatu. Kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Nargis cherehani zililia zote kwa pamoja, na harufu ya karanga za kukaanga ikatoka kwa jirani ikapita juu ya vichwa vya watu.

Josepha alisimama mbele ya fundi kijana mwenye futi shingoni. Alikuwa amevaa sare mpya nyeupe, bado ina pini mbavuni.

"Fundi, mkono unabana."

"Mkono haubani, dada. Hicho ni chakula cha likizo."

Rafiki yake Recheli, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja chuoni, akaangua kicheko. Josepha hakucheka.

"Nimekuomba ulegeze mkono. Sijakuomba unipime uzito."

"Kwenu wapi?"

"Kipalapala."

"Mnyamwezi?"

"Ulidhani nani?"

Fundi akaweka mkasi chini. "Naitwa Adriano Mkude, Mluguru wa Morogoro. Kumbe nilikuwa naongea kwa adabu bure."

Hapo Josepha akatabasamu, maana alielewa. Zamani, enzi za misafara, Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo mabegani, wakipita chini ya milima ya Waluguru. Wakagombana nao, wakapatana, na katika kupatana huko ukabaki utani. Mtani hukuchokoza hata msibani, nawe hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa.

"Ndiyo maana mkono unabana," Adriano akaendelea. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu. Misuli imebaki kwenye damu."

"Na babu zenu waliwachungulia kutoka mlimani, wakaogopa kushuka. Halafu nasikia Mluguru akioa, yeye ndiye anayehamia kwa mke na kikapu chake."

"Tunahamia panapopikwa vizuri." Akajikohoza, akakaza uso. "Utani pembeni, dada. Kuna jambo la muhimu kuhusu hii sare."

"Jambo gani?"

"Nikuwekee na kata ya kubebea mzigo?"

Ndivyo Josepha alivyojifunza desturi ya fundi yule: akisema "utani pembeni", ujue mzaha mkubwa zaidi uko njiani. Lakini Jumatatu alipoichukua sare aliikuta imepigwa pasi, mkono umelegezwa, na ndani ya mshono kumeachwa kitambaa cha kutosha ili siku nyingine iweze kuongezwa tena. Hakuwa ameomba hilo. Alilitazama pindo lile muda mrefu kuliko pindo linavyostahili.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpagazi wangu?"

"Nimekula, mtu wa mlimani. Wewe je?"

"Nakusubiri unipikie."

"Endelea kusubiri, utakonda."

"Utani pembeni, Josepha."

"Haya, sema."

"Ukija uje na karanga."

Jumapili baada ya misa walitembea pamoja, Josepha na gauni lake la kitenge cha bluu, Adriano na shati alilojishonea mwenyewe, kola imesimama wima. Recheli alisema hajawahi kuona wapenzi wanaotukanana kiasi kile na bado wanasindikizana hadi getini. Hivyo mwaka wa masomo ukaisha.

Matokeo yalitoka likizo ikiwa inakaribia mwisho. Josepha alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa somo la dawa. Huko alikuwa amepungukiwa alama mbili. Aliyarudia matokeo yake kwenye simu mara kadhaa, kana kwamba yangeweza kubadilika. Wanachuo huuita mtihani wa marudio sapu. Mwenye sapu hurudi chuoni mapema kuufanya, na akiukosa, anarudia mwaka mzima.

Recheli, ambaye alikuwa amefaulu, hakumtumia habari zake. Alimwandikia neno moja tu, "Nipo," akaacha hapo. Kuna watu wanaojua kupunguza maneno.

Adriano alipopiga simu, kelele za baraza zilikuwa nyuma yake.

"Mpagazi, matokeo?"

"Nimefeli dawa. Nina sapu."

Adriano akasogeza simu karibu na mdomo. Cherehani ziliendelea kulia.

"Umepungukiwa ngapi?"

"Mbili."

Akasema kwa sauti ya chini, "Utani pembeni, mtani. Njoo nikuoe."

Nyuma yake mafundi wenzake wakacheka jambo lao. Josepha akakisikia kicheko, hakuuliza ni cha nini.

"Hata leo, Adriano? Hata leo unanitania?"

Akakata.

Adriano alibaki na simu mkononi. Neno lile lilikuwa la kweli. Alikuwa nalo moyoni tangu Pasaka, akitafuta mahali pa kuliweka. Ila "utani pembeni" alikuwa ameitumia kwa kata za mizigo na karanga, na siku aliyoihitaji kweli ikawa haina nguvu tena. Alipiga, simu haikupokelewa. Akaandika: "Samahani dada Josepha. Pole kwa matokeo."

Josepha akausoma ujumbe ule kule Kipalapala, uani kwa shangazi yake, Apolinaria, aliyemlea. Dada Josepha. Mtani akianza kukuita dada, basi ameshaondoka.

Siku za sapu zikawa zinakaribia, na Josepha hakufungasha. Aliamka na kengele ya seminari ya jirani, akaenda shambani, akarudi, akakaa kumenya karanga. Majirani waliokuwa wakimwita nesi njiani waliendelea kumwita nesi, nayo ilimuuma. Shangazi Apolinaria hakumuuliza lini anarudi chuoni. Alifua ile sare nyeupe, akaianika mahali ambapo lazima mtu aione akipita, akaendelea na kazi zake.

"Shangazi," Josepha akasema jioni moja, "nikiacha chuo utanichukia?"

"Nitakula nini kwa chuki? Lakini usiache ukiwa umekasirika. Kitu ukikiacha kwa hasira, kinakufuata."

Jumamosi iliyofuata bajaji ikasimama nje. Akashuka mwanamke mnene mwenye suruali na kanzu ya rangi ya zafarani, mtandio kichwani, mkoba kwapani, na mkononi sahani iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa Mama Nargis. Watu wa Mtendeni walijua kwamba mama yule hafungi duka Jumamosi, hata akiwa na homa.

"Hodi hapa kwa Mama Apolinaria."

"Karibu, mama. Karibu kiti."

Josepha alikuwa jikoni. Mkono wake ukasimama ndani ya karanga.

"Sijui nyinyi mnaanzaje," Mama Nargis akasema baada ya salamu. "Kwetu neno kama hili halisemwi na kinywa kikavu. Kwanza onja."

Akafunua sahani. Zilikuwa laddu, zile tamutamu za mviringo, alizozipika mwenyewe. Shangazi akala moja kwa heshima, akangoja.

"Nimetumwa. Kijana wangu wa barazani, Adriano, hana mzee hapa Tabora. Wake wako mbali Morogoro. Akaniambia, mama, nenda wewe. Nikamwambia, mwanangu, mimi Mwislamu, tena Mhindi, mshenga gani huyu? Akasema, ndiyo maana. Akija mtu mwingine watadhani nafanya utani."

Shangazi Apolinaria akacheka kidogo, akijifunika mdomo kwa khanga.

Josepha akatoka jikoni na maganda ya karanga kwenye sketi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Umekonda."

"Anataka niache chuo?"

"Hajasema hivyo. Anasema anataka kukuoa. Mengine muulize mwenyewe, mimi nimeleta sahani tu."

Josepha akaenda nyuma ya nyumba, akapiga.

"Josepha," Adriano akasema, kwa jina tu.

"Umemtuma Mama Nargis."

"Nimemtuma."

"Siku ile ulisema kweli?"

"Kweli. Ila maneno ya kusemea kweli nilikuwa nimeshayamaliza kwa mizaha."

"Kwa nini uliyasema siku ile ile niliyofeli?"

Alifikiri. "Nilitaka ujue una pa kutua."

"Nimekuelewa. Lakini sikiliza, Adriano. Sitaki kuolewa kwa sababu nimefeli. Nikija kwako kwa kukimbia somo la dawa, kila tukigombana nitajua nilikimbia. Na wewe utajua."

"Kwa hiyo unanikataa?"

"Nakuambia ungoje. Naenda kufanya sapu."

"Na ukikosa tena?"

Ni yeye pekee aliyethubutu kuuliza swali lile, naye Josepha akamshukuru kwa hilo moyoni.

"Nitarudia mwaka. Utangoja?"

"Nitangoja."

Hakuongeza mzaha. Josepha akasikiliza kimya kile hadi mwisho, akakiamini.

Shangazi akamrudishia Mama Nargis sahani yake ikiwa imejaa karanga, maana sahani ya mshenga hairudi tupu. "Jibu litakuja baada ya mtihani," akasema. "Nitalileta mimi." Mama Nargis akasema hakuna haraka, vitu vizuri hupimwa mara mbili.

Kesho yake Josepha akafungasha. Jioni za wiki ile Adriano alimpigia, akimsomea maswali ambayo Recheli alikuwa amemtumia.

"Haya. Mtoto ana kilo kumi na mbili, dawa yenyewe... paraseta... nani huyu ameandika hivi?"

"Soma taratibu, mtu wa mlimani."

"Nasoma. Jibu wewe, mimi kazi yangu kutamka vibaya."

Akajibu. Akikosea, Adriano alisema tu, "Recheli ameandika tofauti," akangoja afanye upya.

Josepha alifaulu. Hakufaulu kwa kishindo, alifaulu vya kutosha. Alimwambia shangazi kwanza, na Adriano hakumwambia, kwa sababu jibu lilikuwa na mwenye kulipeleka.

Siku shangazi alipolipeleka, Josepha alikuwa kwenye zamu ya mafunzo wodini. Alipotoka kupumzika akakuta simu inaita.

"Josepha, shangazi yako yuko hapa barazani. Amekalia kiti changu, siwezi kushona."

"Amesema nini?"

"Amesema, mwenzako amefaulu, na anakubali. Amesema nisikie vizuri utaratibu: kwanza amefaulu, halafu amekubali."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Sijajibu. Mama Nargis analia, mafundi wananitazama. Nimesimama tu na mkasi."

"Weka mkasi chini, Adriano. Mwamkie shangazi."

Akasikia mkasi ukiwekwa juu ya meza, na sauti ya Adriano, mbali kidogo na simu, ikisema shikamoo.