Clover Hakujua Kudanganya

—Unamjua vipi yule msichana mweusi?

Corinne alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, amepiga magoti, anamsugua kwato mtamba wake mweusi, Juniper. Sauti ile ilikuwa ya Dale Tollefson, na aliyeulizwa ni binti yake, Maren. Brashi ikasimama hewani.

—Simjui, baba. Ananifuatafuata tu.

—Kanisani wanasema mengine.

—Waache waseme. Mimi sina habari naye.

—Nikigundua vinginevyo, Maren, garini mwangu hupandi. Utatafuta pa kulala.

Miaka miwili ya mapenzi, ikafutwa kama tope kwenye kiatu. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Corinne; ujumbe wa Maren.

"Umesikia? Ilibidi. Leo uwanjani usiniangalie kabisa. Nakupenda."

Akajibu: "Kunipenda kwako kunaishia mlangoni mwa banda."

Corinne alizaliwa hapahapa Wisconsin, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka uwanja huu wa maonyesho ya mifugo. Mama yake ndiye aliyekuwa akiwaogesha na kuwalisha wazazi wa wenyeji hawa hawa kwenye nyumba ya wazee. Miaka kumi na minane, na bado dukani anaulizwa ametoka wapi. Mwezi uliopita mtu alichora neno chafu kwenye sanduku lake la vifaa. Alilipaka rangi mara mbili, na likaendelea kuchungulia kwa chini. Weusi wake hakuweza kuuficha. Lile jingine, la kumpenda msichana mwenzake, alilificha kwa ajili ya Maren.

Fainali ya mashindano ya kuongoza ng'ombe waliingia watatu, wote na mashati na suruali nyeupe: Corinne, Maren, na Brody, mtoto wa muuza matrekta.

—Usijifiche ubavuni mwa ng'ombe wako, Brody akamnong'oneza mlangoni. Mwamuzi atashindwa kujua yupi ni yupi.

—Wewe hatakukosa. Harufu yako imeshafika.

Mwamuzi aliwazungusha, akawapapasa ng'ombe migongo, kisha akasema lile ambalo kila mwaka husemwa kwenye fainali:

—Badilishaneni. Anayeijua kazi humwongoza hata ng'ombe ambaye hakumlea.

Brody akapewa Clover, mtamba wa Maren. Hatua tano tu, Clover akambwaga, akamburura kwenye vumbi la mbao. Watu wakacheka.

—Clover hamtaki mgeni, Dale akajisifu kwa waliokaa jirani naye. Hajawahi kushikwa na mtu asiye wa nyumbani kwangu.

—Zamu yako, binti, mwamuzi akamwambia Corinne. Maren wewe mchukue wa Brody.

Corinne alishika kamba kama anashika nyoka. Alishaamua: hatamwimbia, hatamkuna chini ya sikio kama alivyozoea. Bora aburutwe naye, siri ya Maren ipone.

Clover akamnusa mara moja tu. Akashusha pumzi ndefu, akamfuata kwa kamba iliyolegea, na walipofika katikati ya uwanja akamwekea kidevu begani, akafumba macho.

Watu wakainuka kutazama.

—Mnafahamiana na huyu? akauliza mwamuzi.

—Hapana, mzee. Ni mpole tu.

—Mpole? Brody akafoka. Tazama magoti yangu.

—Sasa tumejua binti huyu alikuwa analala zizi gani, mwanamke mmoja akasema, na safu nzima ikaguna.

Dale alikuwa ameshateremka hadi kwenye uzio.

—Maren. Nakuuliza mara ya pili. Unamjua vipi huyo?

Corinne akamtikisia Maren kichwa, kidogo tu. Sema hapana. Upate pa kulala. Na kule kutikisa kichwa ndiko kulikomvunja Maren.

—Amemnywesha Clover maziwa ya chupa tangu ana siku tatu, baba. Kila Jumamosi, wewe ukiwa mnadani. Na hakunifuata. Mimi ndiye niliyemfuata. Nampenda.

Dale hakupiga kelele. Alitoa funguo, akazitazama.

—Gari linaondoka saa kumi. Wewe humo.

Mwamuzi akakohoa, akambandika Corinne utepe wa buluu, wa mshindi. Hakuna aliyepiga makofi, isipokuwa mama yake, aliyesimama safu ya juu na sare yake ya kazini, akapiga peke yake mpaka viganja vikamuuma.

Nyuma ya banda Maren alikuwa analia.

—Nisamehe, Corinne.

—Kila siku wananiita majina, nimezoea. Hilo lako la "simjui" ndilo lililoniuma.

—Najua. Na sina pa kwenda.

—Kitanda kipo, mama Corinne akasema huku akikunja koti. Lakini kwangu, mwanangu, mtu hakanwi.

Maren akanyoosha mkono. Corinne hakuushika; aliuwekea ndoo tupu.

—Usinishike kwanza. Juniper ana kiu. Bomba liko pale, na wote waliokutazama wamekaa pale. Pita katikati yao.

Maren akajifuta machozi, akaenda. Mmoja alitema mate karibu na kiatu chake. Alipofika katikati yao alisimama, akageuka, akaita kwa sauti iliyosikika banda zima:

—Corinne, mpenzi! Ndoo moja inatosha?

—Mbili, Corinne akajibu.

Akachukua ndoo ya pili, akamfuata.