Kuku wa Mguu wa Kasubi

Enzi zile misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikikatiza Unyamwezi, na kila mtemi akijizungushia boma la magogo, boma la Itundilo lilizingirwa na ruga-ruga, wapiganaji wa kukodiwa. Kisima kilikuwa nje, mikononi mwao. Mtemi baridi yabisi ilikuwa imemkaza magoti, hata kuchuchumaa hawezi. Tegemeo lilikuwa jemadari Kasubi, naye alikuwa amelala, muundi umevunjika.

Kalekwa, mganga wa mifupa, aliunyoosha mguu ule akaufunga vibanzi vya mianzi. Kisha, kama ilivyo desturi, akamvunja kuku mweusi mguu uleule, akamfunga vilevile.

"Mfupa huunga kwa gegedu laini, halafu hukomaa, ukaacha kinundu palipovunjika. Kuku akitembea, nawe utasimama. Kabla ya hapo usithubutu."

Asubuhi moja kuku akaonekana anaparua jivu, mzima kabisa. Mtemi akaja akijikongoja.

"Kasubi, kuku wako anakimbia. Toka ukapigane."

Kasubi akafunguliwa vibanzi, akakanyaga. Maumivu yakampanda hadi kwenye meno. Akaketi.

"Lo! Jogoo wetu kashindwa na tetea!" askari mmoja akacheka.

Kasubi hakuelewa. Kalekwa hajapata kukosea. Je, ni mfupa uliokataa, au ni hofu imeingia mguuni ikajifanya mfupa? Aliwahi kuwaona waoga wakichechemea kabla ya vita. Labda nao walijisikia hivi hivi.

Akaomba kuku aletwe. Akampapasa muundi: laini kama ufito, hauna kinundu. Ndipo alipoukumbuka mchuzi alioletewa juzi na rafiki yake Luhende. Alitafuna mfupa wenye kinundu, akadhani ni uzee wa kuku.

"Luhende."

Luhende akainamisha kichwa. "Jemadari, ulikuwa unaweweseka kwa njaa. Kisha nikamwogopa Bibi Kalekwa, nikatafuta mweusi mwingine."

"Kwa hiyo nimekula mguu wangu mwenyewe?"

"Na mchuzi ukausifu."

Kalekwa akashika kichwa. "Sasa mimi sijui. Huenda umepona, huenda bado. Shahidi mmemla!"

"Maji, Kasubi," Mtemi akasema taratibu. "Watoto wanalamba mawe."

Kasubi bado hakujua la kuamini, ila kiu haingoji mtu ajue.

"Chutama, Luhende. Umeupika mguu wangu, basi wewe ndiwe mguu."

Lango likafunguliwa. Ruga-ruga wakaona jitu la vichwa viwili, mkuki huku, gobori kule, linakuja mbio huku linagombana lenyewe.

"Kushoto, we!"

"Nimesikia, acha kunivuta sikio!"

Wakaduwaa. Walipozinduka, watu wa boma walikuwa wamekwisha kuwafikia, na kisima kikarudi.

Kalekwa alimfunga Kasubi upya, safari hii bila kuku. Akapona, ila alichechemea. Itundilo waliimba miaka mingi habari za jitu la vichwa viwili. Kuku hakuna aliyemtaja. Kasubi alizeeka asijue kama asubuhi ile ni mfupa uliomketisha au ni hofu. Lakini hakupata kula kuku tena bila kwanza kumpapasa muundi.