Gango la Pili

Yule paka mdogo hakulia. Hilo peke yake lingetosha kumshtua fundi viatu siku alipomwokota kwenye mtaro nyuma ya kibanda chake. Mguu wa nyuma, wa kushoto, ulikuwa unaning'inia, na hata alipougusa pale ulipovunjika, paka alimtazama tu usoni, kimya. Fundi akasema ni mvumilivu. Wanaume nao, kiumbe cha kike kikinyamaza mbele yao, lazima wakisifu.

Mkewe alikuwa msusi, na alisukia watu barazani kwao. Alimwona mumewe anakuja amekumbatia kitu ndani ya shati, akadhani ni zawadi, na moyo ukamruka.

"Umeleta nini?"

"Kapaka. Kamevunjika mguu, maskini."

"Na pesa ya godoro usiiguse."

"Godoro halisikii maumivu, mke wangu."

"Hata hako sijakasikia kakilia," alisema msusi.

Godoro lao lilikuwa limebonyea katikati, na akiba ya kununua jingine ilitoka zaidi kwenye vidole vya msusi. Daktari wa mifugo alipotaja gharama ya kuunga mfupa, fundi alitoa ile pesa ya godoro, akaihesabu. Akiba ilitosha sindano na dawa ya kuzuia usaha, basi.

"Mfunge gango nyumbani," daktari alimwambia. "Kitu kigumu kiasi cha kushikilia mfupa, lakini usikaze sana."

Kwa mshona viatu hilo halikuwa jambo la kuelekezwa. Alikata ngozi laini, akaitia vijiti pembeni, akaishona kwa uzi wa nta. Tatizo lilikuwa mikono yake. Tangu ujana haikuwahi kushona kiatu kimoja bila mwenzake, na kabla kichwa hakijaikumbusha kwamba mguu uliovunjika ni mmoja, ilikuwa imeshamaliza na gango la pili, la mguu wa kulia. Fundi akajicheka, akamvalisha paka la kushoto, na lile la kulia akalitupia juu ya rafu.

Kuanzia hapo akawa anarudi nyumbani mchana. Mtu huyo huyo ambaye mkewe alipolala na homa alimtumia salamu kwa jirani. Akamwita paka Bibie. Akifika mlangoni, swali la kwanza lilikuwa, "Bibie amekula?" Msusi, ambaye hakuwahi kupewa hata nusu ya jina la mapenzi, aliendelea kusuka, na wateja wakaanza kulalamika kwamba anawavuta nywele.

Alikuwa na wivu. Ulimchoma kifuani kweli kweli, na juu yake aliona aibu, maana utamwambia nani kwamba unamwonea wivu paka? Lakini kila alipopita, paka aligeuza kichwa na kumkagua kuanzia nywele hadi kucha, taratibu, kama mwanamke anayeingia kwenye nyumba na kuhesabu vitu atakavyoviondoa.

Jioni moja, fundi akiwa bado kazini, msusi alisikia mtu anatembea chumbani. Kiatu kimoja cha kisigino. Ko. Kimya. Ko. Kisha pazia likasogea na harufu ya manukato mazito ikamfikia barazani. Alipoingia alimkuta paka kitandani, upande wake yeye, kichwa kikiwa juu ya mto wake, na mto ulikuwa umelowa manukato yale.

Alimtupa chini. Hakujali mguu. Paka akatua bila sauti, akakaa, akamtazama.

Asubuhi yake aliamka na maumivu kwenye mguu wa kulia, akadhani amelala vibaya, lakini jua lilipopanda maumivu nayo yakapanda, na alipovuta gauni atazame akakuta ngozi imeuzunguka mguu wake chini ya goti, ngozi ya mumewe, yenye vijiti pembeni na mishono ya uzi wa nta, ile ile iliyokuwa juu ya rafu na sasa imekua ikamtosha, na kadiri alivyoivuta ndivyo ilivyozidi kukaza, hadi akasikia mfupa wake mwenyewe ukianza kupinda, na pale sakafuni Bibie akanyoosha mguu wake mbovu, akaukanyagia chini bila kuchechemea.

Aliporudi mchana, fundi alipiga magoti mbele ya mkewe. Kisu chake cha kukatia ngozi kiliteleza juu ya uzi bila kuukata.

"Nani kakuvalisha?" alinong'ona.

"Tazama mishono. Nani mwingine anashona hivi?"

Fundi alimkimbilia shangazi yake, mama mnene, mganga aliyewatoa watu majini na kuwasema wakati huo huo. Shangazi aliingia, akanusa, akawasha ubani kwenye vyetezo vyake, hakukaa.

"Umeshona jozi," alisema.

"Mazoea, shangazi."

"Mazoea yako yamemfunga mkeo na jini. Huyu hakuja kutafuta dawa, baba. Alikuja kutafuta mume, na nusu ya jozi ukamvalisha mwenyewe. Sasa akate yule aliyeshona. Kata gango la paka, kwa hiari yako, la mkeo litaachia."

Fundi alimpakata paka, akashika kisu. Hapo ndipo paka alipolia kwa mara ya kwanza. Kilio chembamba, cha mtoto.

"Mfupa haujashika," alisema fundi. "Atarudi kuumia." Kisha, bila kumtazama mkewe, "Hakuna njia nyingine, shangazi?"

Msusi alisikia. Mguu uliokuwa unapinda haukumuuma kama swali lile.

"Kata," alisema shangazi.

Fundi akakata, huku machozi yakimtoka, na kilio cha paka kikazidi kushuka, kikawa kizito, kikawa cha mwanamke mzima anayefukuzwa nyumbani kwake, manukato yakajaa hadi wote wakakohoa, na katikati ya moshi wa ubani wakasikia kisigino kimoja kikivuka kizingiti, ko, kimya, ko, kikashuka barazani. Mapajani mwa fundi palibaki kipande cha ngozi. Gango la msusi likaachia lenyewe.

Shangazi alikusanya vyetezo vyake. "Huyo aliyetoka mtu asimwite tena, kwa jina lolote," alisema, akaenda zake.

Waliketi kitandani wawili. Msusi alikuwa akisugua mguu.

"Uliuliza kama kuna njia nyingine."

"Nilichanganyikiwa."

"Ingebidi umwache mmoja wetu. Ungebaki na nani?"

Fundi alikitazama kwanza kile kipande cha ngozi, na msusi akaliona hilo.

"Na wewe, mke wangu," alisema mwishowe. "Nani mwingine?"

Kabla msusi hajafumbua mdomo, sauti laini ya kike ikajibu nje ya dirisha, karibu sana.

"Ahsante, mume wangu."

Msusi alimgeukia mumewe amshike mkono. Fundi alikuwa ameshageuka upande wa dirisha, na alikuwa anatabasamu.