Majina Arobaini na Moja Kwenye Spika

Meneja alianza kusoma majina yetu Jumatano, saa nne asubuhi.

Kwenye spika. Kiwanda kizima kinasikia!

Cherehani zikazimika moja baada ya nyingine. Pasi zikasimamishwa wima. Watu wakabaki na vitambaa mkononi, macho juu, kama vile spika ina uso.

Jina la kwanza... la pili... la tatu...

Kufika la tano nikajua. Ule mpangilio niliupanga mimi. Ile ilikuwa orodha yangu, jamani! Orodha ya siri!

Jina la kumi na saba lilikuwa langu.

Alisoma yote arobaini na moja, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kisha akakohoa.

"Nyote niliowataja, mikataba yenu inaisha mwezi huu. Aliyeandika hii karatasi ajitokeze kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipojitokeza, simwongezei mkataba hata mmoja wenu. Rudini kazini."

Spika ikakata. Hakuna aliyerudi kazini.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo, maana wapo watakaosema tuliyataka wenyewe.

Sisi tunashona sare. Za shule, za walinzi, za wahudumu wa hoteli. Miaka yote tulikuwa tunasaini daftari getini, jina na saa, basi. Jumatatu ya pili ya mwezi wa tatu (mimi sisahau tarehe) wakaleta mashine ya vidole. Daftari likatupwa. Kuanzia siku hiyo, kama kidole chako hakisomeki, hujafika kazini.

Sasa nauliza. Mtu anayeshika sindano na pasi miaka kumi na tisa, kidole chake kinabaki na alama gani?

Kuna mama tunamwita Mama Vifungo, kazi yake ni vifungo tu. Kila asubuhi anabonyeza. "Jaribu tena." Anapangusa kidole kwenye gauni. "Jaribu tena." Anakipulizia. "Jaribu tena!" Nyuma yake foleni ya watu sitini inaguna. Mwezi ule wa kwanza mashine iliandika kwamba hakufika kazini siku tisa. Siku hizo tisa alikuwa kwenye kiti chake, anashona!

Nikapanda ofisini kuuliza. Nikajibiwa, "Mashine haikosei."

Haikosei! Kitu kilichonunuliwa kwa bei ya chini kabisa, kikafungwa ukutani na skrubu mbili, hakikosei. Binadamu aliyesimama mbele yako ndiye anakosea kuwepo.

Halafu kuna lingine lililokuwa linaninyima amani kabisa. Mimi kompyuta nimejifunza mwenyewe. Sina cheti, nina hasira na bando tu, lakini najua hili: neno la siri likiibiwa, unabadilisha. Kidole kikiibiwa utabadilisha na nini? Utaota kingine? Nikauliza alama zetu zinahifadhiwa wapi. Nani anaziona? Walioacha kazi, zao zimefutwa?

"Hayo ni mambo ya kitaalamu."

Ndio nikaandika ile barua. Mambo matatu: daftari lirudi kando ya mashine, tuambiwe alama zetu ziko wapi, za walioondoka zifutwe. Tuipeleke ofisi ya kazi. Chini yake majina, idara na nafasi ya saini. Mtu mmoja akilalamika anaitwa mkorofi. Arobaini na moja hawawezi kuitwa wakorofi wote.

Na usiri nilisimamia mimi mwenyewe! Niliwapa watu semina pale bombani. Wekeni namba ya siri kwenye simu. Msiweke mwaka wa kuzaliwa. Msifungue kikundi. Meseji zifuteni. Nilimgombeza binti mmoja wa ovaloki, ile cherehani ya kupindia kingo, mpaka akalia, kisa simu yake haina loki.

Kumbukeni hilo la binti, maana mimi silisahau.

Aliyekataa kusaini ni mmoja tu kati ya niliowafuata. Fundi wa mashine. Shemeji yangu! Mume wa dada yangu wa damu.

"Shemeji, dai lenu ni la haki," aliniambia. "Ila majina yote hayo kwenye karatasi moja, mimi moyo unakataa."

"Unaogopa?"

"Naogopa karatasi."

Nikamcheka. Nikamwambia akae na spana zake.

Turudi siku ile ya spika. Watu wakanizunguka kwenye meza ya kukatia, wote wanaongea kwa pamoja. Nani ametuuza? Nani? Ndipo Mama Vifungo akasema kwa sauti ya chini...

"Fundi nilimwona saa mbili asubuhi. Anatoka ofisini kwa meneja."



Nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa chini ya cherehani, mafuta mpaka kwenye viwiko. Watu wote nyuma yangu.

"Shemeji, simama."

Akasimama.

"Asubuhi ulikuwa unafanya nini kwa meneja?"

"Nilikuwa natengeneza spika."

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko kibaya.

"Spika! Hiyohiyo iliyotusoma?"

"Hiyohiyo. Ningejua itasema nini ningeiacha ife."

"Msaliti wewe!"

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji! Ulikataa kusaini, ukaenda kutuuza! Dada yangu amelala na nyoka miaka yote hii!"

 Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi ukimaliza uniambie, kuna mashine hapa haivuti uzi."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Na mimi, mjinga wa kiwango cha juu, nikaona kutojitetea ndio ushahidi wenyewe.

Alhamisi tukamsusia. Mashine ikiharibika mtu anakaa tu mikono mapajani, bora akose kazi kuliko kumwita. Alipopita, wanapiga mluzi. Mama Vifungo alimwambia waziwazi, "Cherehani yangu usiiguse, nisije nikashona unafiki kwenye sare za watoto wa watu."

Jioni dada akanipigia.

"Wewe mtoto wa mama yangu, umemfanya nini mume wangu?"

"Muulize alichotufanyia sisi."

"Nimemuuliza. Anasema hamna kitu, kazi imechosha. Mtu hali, hasemi, amekaa anatazama ukuta. Umemfanya nini?"

"Dada, mumeo ametuuza."

Akakata simu.

Meneja alikuwa ameibandika ile karatasi kwenye ubao wa matangazo. Nilipita pale mara kumi. Haikuwa na saini hata moja! Nakala yenye saini ilikuwa kwangu, chini ya godoro. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, hii isiyo na saini imetoka wapi? Mimi nilikuwa busy na hasira.

Ijumaa nikatoka nyumbani mapema. Nilikuwa nimeandika karatasi nyingine kwenye simu, kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MJUENI MSALITI. Nilitaka nakala thelathini nizigawe getini.

Steshenari iko hatua hamsini kutoka kiwandani. Mnazijua hizi za kwetu: kompyuta moja, printa inayolia, na namba ya simu ukutani. Unatuma kazi yako kwenye ile namba, dada anaipokea kwenye kompyuta, anaprinti, unaondoka. Wote tunafanya hivyo. Mtaa mzima!

Nikatuma. Dada wa steshenari akageuza skrini kidogo anitafutie.

"Ni hii, kaka? Au ile ya juzijuzi?"

"Ipi ya juzijuzi?"

"Hii hapa."

Nikainama kwenye skrini...



Faili lilikuwa pale mbele kabisa, katikati ya skrini, kati ya vitambulisho vya watu, majibu ya hospitali, na barua ya mtu anayeomba talaka. Jina lake nilikuwa nimeliandika kwa mikono yangu hii:

SIRI KABISA MAJINA 41.

"Dada... hili bado liko hapa?"

"Sifuti kazi za wateja, kaka. Watu wanarudi wanataka nakala, nikifuta wananigombeza."

"Kuna mtu mwingine ameliona?"

Akafikiria, huku anapanga karatasi.

"Yule dada wa ofisini kwenu, mwenye miwani. Alikuja Jumanne kutoa fomu za likizo. Akaliona hapo, akasema ni la kiwandani kwenu, nimtolee na yeye moja. Si mko ofisi moja?"

Si mko ofisi moja!

Na simlaumu sana. Mimi ndiye nililituma. Mimi ndiye niliyeliita siri, halafu nikalikabidhi kwa mtu nisiyemjua hata jina, nikaondoka napiga mluzi. Kama ningeliita "mahudhurio ya kwaya", nani angeligusa?

Nilimuuliza meneja vidole vyetu vinahifadhiwa wapi. Mimi majina ya watu arobaini niliyahifadhi wapi?

"Nizitoe hizi thelathini?" dada akauliza.

"Futa. Futa zote mbili. Sasa hivi, mbele yangu. Na kwenye simu. Na kwenye lile pipa la taka la kompyuta!"

Nikakimbilia kiwandani. Kiti cha fundi kitupu. Sanduku la spana halipo. Watu wananipongeza: "Umeona? Aibu imemkimbiza!"

Nikapanda ofisini bila kubisha hodi.

"Meneja, ile karatasi nimeandika mimi."

Hakuinua hata kichwa.

"Umechelewa. Aliyeandika amekiri jana jioni, amesaini, ameondoka."

"Nani?"

"Fundi."

Jamani...

"Si kweli! Fundi hayumo hata kwenye orodha!"

"Ndio maana. Aliyeandika ana akili, hawezi kujiweka. Alinipa sharti moja tu, niwaongezee mikataba nyie wote. Nimekubali. Sina muda wa kufundisha watu wapya arobaini na moja."

"Nakwambia ni mimi!"

Hapo akainua kichwa. Akacheka!

"Wewe? Wewe ulimwita msaliti mbele ya kiwanda kizima, nimesikia mpaka huku juu. Kama karatasi ni yako, ulikuwa unamgombeza nini? Unataka kumwokoa kwa sababu ni ndugu. Nenda kashone."

Nikashuka ngazi. 

Saa sita spika ikasema suala limekwisha, mikataba inaendelea. Haikumtaja mtu. Kiwanda kikalipuka! Wakaona meneja ametuogopa, umoja wetu umemtisha. Wakanibeba juu juu, wallahi, wananiita mwenyekiti.

Na mimi nikapunga mkono.

Nasema ukweli hapa. Nilipunga mkono. Mdomo huu unaowatukana wakubwa kila wiki kwenye ukurasa huu ulishindwa kusema maneno matano.

Nikaenda kwa dada yangu. Alifungua mlango, akasimama katikati yake.

"Umekuja kumaliza?"

"Nimekuja kumwona shemeji."

Alikuwa mezani, ameifungua redio ya jirani, anaipuliza vumbi. Nikamweleza yote. Steshenari, faili, dada wa miwani, yote. Nikapiga magoti. Nilifikiri atanitupia bisibisi.

"Kwa nini ulikiri?" nikamuuliza.

"Kwani wewe ungekiri?"

Akapuliza tena vumbi la redio.

"Watu arobaini na moja," akasema. "Mimi cherehani mbovu ziko kila mtaa, nitakula. Yule mama wa vifungo ataanzia wapi?"

"Yeye ndiye aliyekutukana kuliko wote!"

"Alitukana alichoambiwa. Na aliyemwambia ni wewe."

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi usiniombe. Kule kiwandani wanajua nini sasa hivi?"

"Wanajua... wewe ni msaliti."

"Na wewe?"

"Mwenyekiti."

Dada akacheka kwa uchungu kule mlangoni. "Ukawaacha hivyohivyo?"

Ndiyo, dada. Niliwaacha hivyohivyo. Kwa hiyo naandika hapa, kwa sababu najua thelathini na kitu kati yenu wa kiwandani mnafuata huu ukurasa, na wengine mtasomewa.

Ninyi wengine msiotujua, chukueni hili muende nalo. Ukituma kazi kuprintiwa, subiri, simama hapo, mwambie afute ukiwa unaona. Usione haya. Neno SIRI usiliandike juu ya kitu chochote. Na siku mambo yenu yakivuja, kabla hujamnyooshea mtu kidole, kaa chini uulize wewe mwenyewe uliyapitisha wapi. Mimi ningepaswa kuuliza hivyo Jumatano ileile, saa nne na dakika kumi.

Ninyi arobaini: fundi hakutuuza. Orodha ilivuja mikononi mwangu, na kazi mliyonayo leo mnayo kwa sababu yake. Binti wa ovaloki, simu yako haikuwa na kosa lolote, nisamehe.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa getini. Mwenye tusi lake aje nalo, sitajibu.

Ila kabla ya kunitukana mimi, mpigieni fundi. Namba yake mnayo. Usiku mzima wa Alhamisi aliishika simu mkononi, dada ameniambia, akingoja hata mmoja wenu.