Kimya cha Washonaji Kumi na Tisa

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kurekodi sauti, na yeye si mtu wa porojo. Aliitwa kurekodi kwaya ikiwaombolezea washonaji kumi na tisa walioungua kiwandani, mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Tajiri aliyeamuru ufungwe ndiye aliyeugharamia wimbo, na siku hiyo alikaa mstari wa mbele akijipangusa machozi ya mamba.

"Mbona majina yao hayaimbwi?" fundi alimuuliza.

"Yanarefusha wimbo, ndugu yangu. Wageni watachoka."

Fundi aliimeza dharau hiyo kama dawa chungu. Pale ambapo majina yangeimbwa, kwaya ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Siku ya pili, mchana, alijifungia studio akazima taa ili asikilize vizuri. Wimbo ulipofika pale pa kimya, gizani alisikia ngumi zikigonga mbao, kitasa kikitikiswa, na wanawake wakikohoa. Akazima sauti za maikrofoni za kwaya moja baada ya nyingine, lakini ngumi hazikukoma. Ikabaki moja tu, ile ndogo aliyombandika tajiri kifuani kwa ajili ya hotuba, na humo zilisikika karibu zaidi.