Kimto cha Pini

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwenye chumba cha baba cha kushonea. Kazi yangu ilikuwa kukusanya mabaki ya vitambaa na kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuota ndoto za mchana. Mwanga wa alasiri uliingia dirishani, vumbi la nyuzi likaelea taratibu, na cherehani ikanguruma mpaka nikasahau kwamba nina kazi ya hesabu. Baba, pini sita midomoni, aliimba kwa pua. Mimi nilikisia maneno.

"Meneja," aliniita kwa jina langu la utani, "umelala macho wazi tena?"

"Nafikiri, baba."

"Basi fikiri huku unafagia."

Siku moja wimbo haukuja. Baba aliacha chai ipoe kabisa, na alipokunywa alikunja uso.

"Una nini?" nilimuuliza.

"Kidonda kidogo pembeni ya ulimi. Pini zimenichoma. Ila usimwambie mama yako. Miaka yote ananipigia kelele kuhusu hizi pini, leo atapata la kusema!"

Tulicheka, nikakubali kutunza siri. Siku hiyohiyo nikamshonea kimto cha mahameli ya buluu, nikakijaza vipande vya nguo na kukitia mkanda wa kuvaa mkononi. "Kuanzia leo pini zitalala hapa," nilimwamuru. Akakivaa bila ubishi. Nikachora mstari wa chaki ukingoni mwa meza. Kila wiki iliyopita bila pini niliongeza mmoja.

Mistari ya wiki tatu ilipotimia, nilimwomba afungue kinywa. Kidonda kilikuwa palepale, cheupe katikati, chekundu pembeni.

"Hata hakiumi sana," alisema.

"Baba, wiki tatu hujaweka pini mdomoni. Sasa nani anakuchoma?"

Aliinama akashona upindo mzima wa suruali, na kumbe uzi ulikuwa umekatika tangu mwanzo. Nilipoona kitambaa kile chenye matundu matupu, niliacha ufagio. Nikaenda jikoni nikamweleza mama kila kitu, huku nikijiona msaliti.

Mama hakupiga kelele. Alifunika sufuria, akasema, "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, sote watatu."

Daktari alikata kipande kidogo cha kidonda ili kipimwe. "Hata mimi wateja huniletea sampuli za vitambaa," baba alitania. Baada ya siku kadhaa tuliitwa tena.

"Ni saratani," daktari alisema polepole. "Lakini bado ni ndogo na haijasambaa. Mmewahi."

Kwa siku mbili baba alikaa mbele ya cherehani bila kuifunua. Mimi nilikaa sakafuni, nikitazama vumbi likielea kama zamani, nikatamani tuwe ndotoni.

"Naogopa, Meneja," alisema mwishowe.

"Na mimi, baba."

Tulilia bila aibu. Mama aliingia, akavuta kigoda, akakaa nasi. Baadaye baba aliomba chai.

Alifanyiwa upasuaji. Daktari alitoa kidonda pamoja na sehemu kidogo ya pembeni yake, akamtaka baba arudi kila mara kuchunguzwa. Mwanzoni baba alikunywa uji tu na maneno yake hayakusikika vizuri. Kisha jioni moja nilimkuta amefunua cherehani, kimto kikiwa mkononi mwake.

"Njoo hapa," aliniita. Alitamka polepole ili kila neno lisikike. "Kidonda cha kinywani kikipita wiki tatu bila kupona, usitafute wa kumsingizia. Nenda kwa daktari. Na lingine: nilikukosea kukubebesha siri. Siri ya ugonjwa si mzigo wa mtoto. Ulifanya vizuri kusema, mwanangu. Ungenyamaza, mimi ningeendelea kuzilaumu pini mpaka tuchelewe."

Nilijifanya natafuta pini sakafuni ili asione machozi.

Akakanyaga cherehani, akaanza kuimba. Safari hii hakuwa na pini midomoni, kwa hiyo wimbo ulitoka na maneno yake, mengine yamepinda kidogo. Niliketi kwenye mwanga wa alasiri nikasikiliza hadi mwisho. Kumbe miaka yote nilikuwa nimekisia vibaya, na wimbo wa kweli ulikuwa mzuri zaidi.